Nani Anakusindikiza kwa Daktari wa Meno?

Shikamooni wazazi wangu. Vijana, habari zenu.

Mimi natibu meno, lakini leo sitaanza na mswaki. Mswaki mnaujua. Nataka tuzungumze juu ya watu mnaoishi nao. Jino ni lako, ila safari ya kulipeleka kutibiwa, mara nyingi iko mikononi mwa mwenzako.

Hapa kwetu chini ya Mlima Meru tuna la kwetu. Maji yanayopita kwenye miamba ya volkano yanabeba madini yaitwayo floridi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tuna vyanzo vinavyozidi hapo mara kadhaa. Mtoto akiyanywa wakati meno yake bado yanajijenga ndani ya ufizi, yanatoka na madoa ya kahawia. Na magadi tunayotia kwenye maharage yanaongezea. Hayo madoa si uchafu, wala si uvivu wa kupiga mswaki. Ukiyasugua kwa mchanga au mkaa unalikwangua jino bure.

Sasa oneni yanavyoingia kati ya watu. Alinijia binti mmoja, mwenyeji wa upande wa Maji ya Chai, anaongea kafunika mdomo kwa kiganja. Nilipomwomba afungue, gego la chini lilikuwa na shimo jeusi, punje ya mahindi imenasa ndani. Limemuuma miezi. Nikamwuliza, mbona umechelewa hivi, mdogo wangu? Akasema alipokuwa anasoma Dar, wenzake bwenini walimcheka meno, na tangu siku hiyo hakutaka mtu yeyote amtazame kinywani, hata daktari. Kicheko cha bwenini ndicho kilicholiacha lile gego lioze. Naumia kila nikikumbuka.

Na sisi wazazi? "Ukilia nitakupeleka kwa daktari akung'oe meno!" Nawaomba sana, acheni. Gego la kwanza la ukubwani linaota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma ya meno ya utoto, na hakuna jino linalong'oka kulipisha. Wengi mnadhani ni la utoto, litatoka tu. Halitoki, hilo ni la maisha. Tukiliona mapema tunaziba, dakika chache. Lakini mtoto uliyekwisha kumtisha hafungui mdomo.

Kuna na hili la "meno ya plastiki", yale mavimbe meupe kwenye ufizi wa mtoto mchanga. Mtoto anaharisha, ana homa, bibi anasema yang'olewe. Bibi anampenda mjukuu wake, msimvunjie heshima. Ila kile kinachochimbuliwa ni chipukizi la jino la kawaida kabisa, na kuchimbua huko kunaleta damu na maambukizi. Mama kijana hawezi kubishana na mama mkwe peke yake. Baba, hapo ndipo pa kusimama wewe. Mpeleke mtoto atibiwe kuharisha.

Nirudi kwa yule binti. Mara ya pili alikuja na mumewe. Kaka wa watu alikaa kwenye benchi kashika mkoba wa mkewe, tukaliziba gego. Alipotoka, ganzi bado imemvuta mdomo upande mmoja, mumewe akamtazama, akamshika mkono. Kisha akanigeukia mimi: "Daktari, mimi sijawahi kukaa kwenye hicho kiti tangu nizaliwe. Una nafasi sasa hivi?"

Nilikuwa nayo. Alikuwa na ugaga wa miaka, na mkewe ndiye aliyesimama pembeni akimwambia, "Panua tu, haiumi."