Dozi ya tatu inapotelea wapi?

Habari za asubuhi, vijana wetu. Wiki chache zijazo mtaingia wodini hapa Moshi, na wengine mtapanda zahanati za Kibosho na Marangu. Kabla hamjashika sindano ya mgonjwa, tuzungumzie chanjo yenu wenyewe, ile ya homa ya ini B.

Mwanafunzi wa afya ukimuuliza virusi hivi vinaambukizwaje, anajibu bila kusita: damu, kujamiiana, mama kwa mtoto. Muulize kama amechanja, atasema ndiyo. Mwombe kadi. Kadi yenye tarehe mbili ni ya mtu ambaye hajamaliza.

Mtu mzima huchoma dozi tatu: siku ya kuanza, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa 6 tangu ile ya kwanza. Ukianza tarehe 10 Novemba, ya pili ni 10 Desemba na ya tatu 10 Mei. Zitazameni tarehe hizo. Mbili za mwanzo zinakukuta bado una ari. Ya tatu inakukuta kwenye maandalizi ya mitihani au fildi, mbali na kituo ulichoanzia. Inapotelea hapo, na mwenyewe anajua kila kitu kuhusu ugonjwa! Aliyechelewa haanzi upya. Anachoma iliyobaki, basi. Ile dhana kwamba dozi za mwanzo "zimeshaharibika" ndiyo inayowafanya wengi wakate tamaa, na inatuuma kwa sababu si kweli.

Wapo wanaosema walichanjwa utotoni. Tanzania iliingiza chanjo hii kwenye chanjo za watoto mwaka 2002, kwa hiyo mwenye kadi ya kliniki aliyoitunza mama yake aje nayo. Neno tupu halitoshi.

Sasa uvumi mmoja unaotembea mabwenini: "Fulani alichanja, akapimwa, akakutwa na homa ya ini." Msiucheke, una chanzo. Chanjo hii ni kipande cha ganda la kirusi, protini inayotengenezwa kwa kutumia hamira. Ndani hakuna kirusi, hivyo haiwezi kukuambukiza. Lakini kipimo cha kawaida cha homa ya ini B kinatafuta kipande hichohicho. Ukichanja Jumatatu na Ijumaa ukaenda kuchangia damu, kipimo kinaweza kukiona na kusoma chanya. Hali hiyo huisha ndani ya wiki tatu hivi. Ndiyo maana utaratibu ni kupima kwanza, kuchanja baadaye. Anayejua hili anaweza kumtuliza mwenzake kwa maelezo, badala ya kumwambia tu kwamba ana hofu.

Uzito wa jambo uko hapa: asiye na kinga akichomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa ya ini B, uwezekano wa kuambukizwa ni kati ya 6 na 30 kwa kila 100. Kwa VVU ni kama 3 kwa 1,000. Ukichomwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue jeraha, toa taarifa saa hiyohiyo. Kinga ya dharura hutakiwa ndani ya saa 24.

Mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya tatu, pima kingamwili. Uniti 10 kwa lita au zaidi, umekingwa. Ikiwa chini, rudia dozi, kwani wapo ambao mwili wao hauitiki mara ya kwanza.

Na mkienda kuchoma ya tatu huko fildi, angalieni mambo mawili. Sindano iingie kwenye msuli wa bega. Matakoni mafuta huipunguzia nguvu. Pili, chanjo hii haitakiwi kuganda. Kichupa kilichoganda kikayeyuka, ukikitikisa kisha ukikiweka kando ya kizima, mashapo yake hutuama upesi na juu hubaki maji maangavu. Hicho kikataeni, ombeni kingine.