Jino Halina Kosa: Kiungo cha Taya kwa Wenye Baridi Yabisi

Mwenyekiti amenipa dakika ishirini, na wanaonijua wameshaanza kucheka, maana wanajua nitasema nini. Nitasema tu. Mgonjwa wa baridi yabisi akija kwako analalamika maumivu mbele ya sikio, koleo la kung'olea meno liweke chini kwanza.

Vidole vilivyovimba, magoti, ukakamavu wa asubuhi, hayo kila tabibu humu ndani anayajua hata akiamshwa usiku wa manane. Sasa nauliza: nani juma lililopita alimwambia mgonjwa wa namna hiyo, "Mama, hebu fungua mdomo"? Naona mikono mitatu. Huyo wa nyuma ni mwanafunzi wangu, simhesabu.

Kuna mama mmoja wa Mbagala, ana baridi yabisi miaka mingi. Akaanza kuumwa upande wa kushoto kila akila muhogo wa kuchoma. Duka la dawa wakampa diklofenaki. Ikatuliza, maumivu yakarudi. Akaambiwa ni sikio, akapewa matone. Sikio likalowa, maumivu yakabaki palepale. Akaenda kung'oa gego la mwisho. Wapi, msiniulize, sitaji. Halikusaidia, likang'olewa na la jirani yake. Alipofika kwangu nikamuuliza, mama, hayo meno yalikuwa na matundu? Akanijibu, "Mwanangu, yalikuwa meupe kuliko ya kwako." Akafungua leso, akanionyesha. Mazima yote mawili! Na kweli, yalikuwa meupe kuliko ya kwangu.

Nikaweka kidole mbele ya sikio, pale kwenye kiungo cha taya, nikamwambia afungue na kufunga mdomo. Mkwaruzo unausikia kidoleni. Nikamwambia aume: magego yanagusana, ya mbele yameachana, hawezi kukata hata tambi. Zamani yalikuwa yanakutana vizuri.

Kiungo cha taya kina utando ndani yake kama ule wa vidole, na ugonjwa huu hauchagui mtaa. Kinga ya mwili inaushambulia, unavimba, unakuwa mnene, unatambaa juu ya gegedu, ule mfupa laini wa kwenye kiungo, na kulila, kisha unaingia kwenye mfupa. Kichwa cha taya kinabapa na kulika, mara nyingi pande zote mbili. Ni kama kitanda kilichokatwa miguu ya nyuma: taya inafupika nyuma, magego yanagusana mapema, mbele panabaki wazi na kidevu kinarudi nyuma.

Najua mtasema, "Daktari, mbona eksirei ilikuwa safi?" Eksirei ya kawaida inaonyesha mfupa ukishaliwa. Utando uliovimba unaonekana kwa MRI, ile picha ya mashine ya sumaku. "MRI ni ghali." Nani kasema kila mtu apelekwe MRI? Rula ya shuleni, Kariakoo bei yake mnaijua. Mwambie afungue mdomo, pima kutoka ncha ya meno ya mbele ya juu hadi ya chini. Mtu mzima kwa kawaida anafungua milimita 40 au zaidi. Akiwa chini ya 35, asiondoke bila kuulizwa maswali. Kuna wanaotumia vidole vitatu vya mgonjwa mwenyewe. Vizuri, lakini huyu vidole vyake vimevimba na kupinda, mtapima nini?

"Hajalalamika." Hatalalamika! Mtu ambaye hawezi kufunga kifungo cha blauzi atakumbuka taya saa ngapi? Isitoshe, kiungo hiki kinaweza kulika kimyakimya. Ukisubiri alalamike, unaweza kukuta mfupa umeshakwenda, na mfupa ukishakwenda haurudi.

Matibabu nayapitia haraka. Kwanza ugonjwa wenyewe udhibitiwe; methotreksati mara moja kwa wiki. Kwa WIKI, ndugu zangu wafamasia, andikeni siku yenyewe kwenye pakiti, maana akiimeza kila siku inaweza kumuua. Taya ikichachamaa, ale uji, ndizi za kupika, ugali mlaini. Mishikaki ya Coco Beach isubiri. Mazoezi ya kufungua mdomo taratibu. Wachache watahitaji sindano ya kiungo, wachache zaidi kiungo bandia.

Watoto wenye ugonjwa wa viungo ni mhadhara mwingine, ila mkiona kidevu hakikui, msiseme kamrithi bibi yake. Na wenzetu wa dawa za usingizi waambiwe kabla ya upasuaji, si mgonjwa akiwa tayari mezani: mdomo haufunguki, kidevu kimerudi nyuma, na shingo juu kabisa inaweza kuwa imelegea, kwa hiyo isikunjwe ovyo.

Fizi nazo zina uhusiano na baridi yabisi, nilikuwa na picha nzuri sana... Naona mwenyekiti ameshasimama. Haya, maswali. Dada yangu wa kilemba cha bluu, anza wewe.