Hata Meza Ina Miguu Minne

Walimu wenzangu wa Bukavu, jambo. Leo tuzungumze juu ya utangulizi wa ripoti za watoto.

Nilipoanza kufundisha darasa la nne, niliwapa watoto kazi ya kuandika ripoti ya mnyama. Nikaandika mfano ubaoni: "Mbuzi ni mnyama wa nyumbani. Ana miguu minne na mkia mmoja." Basi, darasa zima likaniletea huo huo mkia. Kuna aliyeandika juu ya kuku na kumpa miguu minne. Nilimkasirikia, kumbe kuku huyo alitoka kwenye chaki yangu mwenyewe.

Siku hizi nawaambia: ziba jina la mnyama kwa kidole, kisha soma. Kama sentensi inamfaa mnyama mwingine, ifute. Miguu minne? Hata meza inayo.

Mtoto mmoja, ambaye mama yake anauza sambaza Kadutu, aliandika: "Sambaza ni samaki mdogo." Tukaziba jina. Akasema mwenyewe, "Mwalimu, hata ndakala ni mdogo." Nikamuuliza, wewe umeona nini? Akafikiri, akasema usiku anaona taa ziwani. Wavuvi wanawasha taa, sambaza wanaufuata mwanga wenyewe, wavu unawasubiri chini. Nikamwambia andika hivyo hivyo, usipambe.

Akaandika: "Usiku ziwani Kivu wavuvi wanawasha taa, na sambaza wanakuja wenyewe." Chini yake akaongeza sentensi ya kumwonyesha msomaji njia: ataeleza sambaza anaishi wapi, anakula nini, anavuliwa vipi.

Alipofika katikati ya ripoti akagundua kwamba zamani sambaza hakuwepo Kivu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Samaki tunayemwita wetu ni mgeni! Utangulizi wake ukawa hautoshi tena, ikabidi aurudie. Ndiyo maana nasema utangulizi uandikwe mwisho: mtoto aache mistari mitano juu ya ukurasa, aanze na mwili wa ripoti. Watalalamika, maana daftari linanunuliwa na mama anahesabu kurasa. Basi waandike kwanza nyuma ya karatasi iliyokwisha tumika.

Na mnyama ambaye mtoto hajamwona? Hifadhi ya Kahuzi-Biega iko hapa karibu, lakini wengi wetu hatujamwona gorila. Asijifanye amekutana naye msituni. Achukue jambo moja la kweli alilosoma: "Kila jioni gorila anajitengenezea kitanda kipya cha majani na matawi." Ziba jina: mbuzi hafanyi hivyo, wala mbwa. Sokwemtu anafanya, ndiyo, na mtoto atakayelisema hilo mpeni alama ya ziada.

Kuanza ripoti na "Je, unajua...?" mruhusuni mtoto mmoja tu kwa darasa. Inaambukiza kama upele.

Sasa toeni kalamu. Mnyama wenu ni yule mbuzi anayekula maboksi pembeni mwa barabara. Sentensi mbili, dakika tano. Miguu msiitaje.