Mtoto Analala Wapi?

(Mhadhara kwa walimu tarajali, Tabora)

Mwangaluka! Asanteni kwa kunikaribisha. Mmenipa mada ndefu, usawa na haki katika elimu, nami nimekuja na swali moja tu: mtoto analala wapi?

Katika mji huu swali hilo ni la zamani. Miaka ya 1920 Waingereza walifungua hapa shule kwa ajili ya watoto wa machifu. Walitaka wasaidizi wa kutawala, hawakuficha. Lakini angalieni walivyofanya: mtoto wa chifu hakuambiwa atembee. Alijengewa bweni, akapewa kitanda na chakula. Julius Nyerere, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, alianza shule mwaka 1934 pale Mwisenge, Musoma, kilomita zaidi ya 40 kutoka kwao Butiama. Akalala bwenini. Mwaka 1937 akaja Tabora, akalala bwenini tena. Akili ilikuwa yake, sibishi. Kitanda kilikuwa cha shule.

Ndugu zetu wa Kigoma mkoloni aliwahesabu kwa hesabu nyingine. Kwake Buha, nchi ya Waha, ilikuwa ghala la vibarua. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na vijana wengi wa Kiha walioipanda waliishia kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba. Huko nako walipewa pa kulala, maana mkonge haukatwi na mtu aliye mbali.

Tuje kwetu sasa. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulioanza 2004 ulitapakaza shule za kata, na bila shule hizo wengi wenu humu ukumbini msingekuwepo. Januari 2016 ada ikafutwa hadi kidato cha nne. Nilifurahi, na bado nafurahi. Ila tupige hesabu. Ada iliyofutwa kwa sekondari ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Mtoto anayetoka kilomita 15 ndani ya pori la miombo hawezi kwenda na kurudi kila siku, kwa hiyo anapanga geto karibu na shule. Tuseme chumba ni shilingi 10,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 120,000, mara sita ya ada tuliyomsamehe. Hapo hajanunua chumvi. Mwenzake aliyezaliwa jirani na shule hadaiwi hata senti ya chumba. Wote wawili tunasema wanasoma bure.

Nilipokuwa mkuu wa shule niliwahi kukaa na daftari la mahudhurio nikaona jambo lililonikera. Kundi fulani la wanafunzi halikuonekana Jumatatu, na Ijumaa lilitoweka kabla ya kengele ya mwisho. Nikaandika utoro. Nikaita wazazi, wakaja wawili. Mmoja, mkulima wa tumbaku, aliniuliza kwa upole, "Mwalimu, unga wa wiki nzima ataufuata lini?" Watoto wale walikuwa wanakwenda nyumbani Ijumaa kufuata unga na maharage, wanarudi Jumatatu mchana na mzigo kichwani. Msimu wa kuchuma tumbaku wakifika nyumbani wanakutana na bani la kukaushia, moto wake hauachwi uzimike, basi hata Jumanne hawaonekani. Miaka mitatu nilikuwa nawachapa watu kwa kosa la kwenda kuchukua chakula. Nawaambieni haya nyinyi mnaokwenda kushika chaki, kwa sababu daftari lile lilikuwa safi na mkaguzi alilisifu.

Kwa wasichana ni kazi nzito zaidi. Binti wa miaka 14, peke yake, mlango wa bati usio na komeo, unga umekwisha Jumatano. Anatokea mwenye bodaboda na chipsi. Akipata mimba, miaka mingi tulimfukuza tukasema hana maadili. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu arudi shuleni baada ya kujifungua, na mwalimu atakayemzungusha getini nitamwona hakuelewa kazi yake. Lakini tunampokea akishaumia. Chumba kile bado kipo, na Januari ijayo atapanga mwingine.

Lugha nayo, Kiswahili miaka saba halafu Kiingereza ghafla, ina mhadhara wake. Niseme tu kwamba aliyekosa Jumatatu na Jumanne anaikosa mara mbili.

Mtaniuliza, serikali haijengi? Inajenga. Fedha za UVIKO-19 mwaka 2021 zilipangiwa madarasa 15,000, na 3,000 kati ya hayo ni ya vituo shikizi, vinavyomsogezea shule mtoto mdogo. Kwa shule ya msingi hilo ndilo jibu, nimeliona likifanya kazi. Kwa sekondari huwezi kuweka shule kila kitongoji. Hapo panahitajika hosteli, hata ya vyumba vinne na matroni mmoja. Kuna vijiji vimejenga kwa tofali zao vyenyewe. Vingine vimechangishwa chumba cha tisa cha darasa wakati cha nane hakijajaa.

Kwa hiyo nawapeni kazi. Wiki ya kwanza kituoni, mbele ya kila jina kwenye daftari lako andika mtoto analala wapi: kwao, kwa shangazi, geto, na geto la nani. Jioni mbili zinatosha. Halafu nakili orodha hiyo, umpe mkuu wako aende nayo kwenye kamati ya maendeleo ya kata, na aisome kabla hawajafika kwenye ajenda ya saruji.