Baiskeli ya Mazoezi Yenye Skrini: Unanunua Chuma au Unanunua Bili?

Habari za nyumbani, na salamu kwa wenzangu wa huku Marekani kwenye baridi. Swali la baiskeli za mazoezi zenye skrini linakuja kutoka pande mbili. Walioko Marekani wanauliza kama inafaa kununua. Walioko Dar, Arusha na Mombasa wanauliza kama ndugu awatupie moja kwenye kontena. Majibu hayafanani, ila pa kuanzia ni pamoja: tenganisha chuma na bili. Chuma unalipa mara moja, bili inakuja kila mwezi.

Nachukua Peloton kwa sababu ndiyo iliyozoeleka huku. Kampuni ilianzishwa New York mwaka 2012. Baiskeli yao ya awali ina skrini ya inchi 21.5, uzito wa kilo 61 hivi, na inahitaji nafasi ya sentimita 122 kwa 61, mbali na sehemu ya kupandia na kushukia. Ugumu wa kukanyaga pedali unatoka kwenye sumaku, unaupandisha kwa kirungu chekundu kutoka 0 hadi 100. Oktoba 2025 walitoa matoleo mapya: ya kawaida dola 1,695, na Bike+, ile ya daraja la juu, dola 2,695. Wakati huohuo uanachama wa kutumia skrini yenyewe ukapanda kutoka dola 44 hadi 49.99 kwa mwezi.

Sasa chukueni kikokotoo. Dola 49.99 mara miezi 36 ni dola 1,799.64, bila kodi. Yaani ukiinunua mpya kwa 1,695, ndani ya miaka mitatu bili inakuwa imeipita baiskeli. Tofauti yake na jimu ya bei rahisi: kadi ya kawaida ya Planet Fitness kwa mwanachama mpya ilipandishwa hadi dola 15 kwa mwezi mwaka 2024, na kuna ada ya mwaka ya dola 49. Miaka mitatu ni dola 687.

Lakini jimu usiyokwenda nayo ni hasara, kwa hiyo pigeni hesabu kwa kipindi. Ukipanda mara tatu kwa wiki, karibu mara 12 kwa mwezi, kila kipindi kinakugharimu kama dola 4.17 za uanachama. Ukipanda mara nne tu kwa mwezi, ni dola 12.50 kila mara. Kama mko wawili au watatu ndani ya nyumba, uanachama ule mmoja unabeba wasifu wa kila mtu, na hapo ndipo mashine hii inapoanza kuwa na maana. Mtu mmoja anayependa kuendesha akisikiliza taarab yake, bila mwalimu wa kumpigia kelele, hana sababu ya kulipia.

Na usipolipa? Hapa ndipo wengi wanaposhtuka. Skrini inakuwa kama king'amuzi kilichoisha kifurushi. Pedali zinazunguka, unaona mizunguko kwa dakika, ugumu na wati (nguvu unayotoa), ila maktaba ya vipindi vya walimu huipati na kumbukumbu ya mazoezi yako haihifadhiwi.

Njia ya nafuu huku ni mtumba. Baiskeli za awali za Peloton zimejaa kwenye matangazo ya mtaani, mara nyingi chini ya dola 500, kwa sababu watu walinunua kwa wingi wakati wa korona na sasa zinawabana sebuleni. Kabla hujatoa hela, kuna mambo ya kuuliza na kukagua.

Tangu Agosti 2024, anayenunua mtumba Marekani analipa dola 95 za kuiwasha kwa jina lake. Iingize kwenye hesabu. Muombe muuzaji aitoe kwenye akaunti yake mbele yako, na hakikisha si ya kukodi, maana kampuni hukodisha pia, na baiskeli ya kukodi si mali ya anayekuuzia.

Halafu bomba la siti. Mei 2023 Peloton walitangaza urekebishaji wa lazima wa kama baiskeli milioni 2.2 za awali, namba ya modeli PL01, kwa sababu bomba la siti lilikuwa linaweza kukatika mtu akiwa juu. Novemba 2025 ikafuata Bike+ ya zamani, PL02, takriban 833,000, kwa tatizo hilohilo. Kibadala ni cha bure na unakifunga mwenyewe. Muulize muuzaji kama alibadilisha. Akikukodolea macho, chukulia hakubadilisha, na usiipande mpaka kibadala kifike.

Baada ya hapo shika mashine yenyewe. Toa ugumu wote, zungusha pedali kwa mkono, sikiliza. Sauti ya kusaga ni beringi. Shika mkono wa pedali uusukume ndani na nje: ukicheza, ekseli ya katikati imelegea au beringi zake zimekwisha. Angalia uzi wa pedali. Pedali iliyoendeshwa ikiwa imelegea hula uzi wa ule mkono, na hapo unabadilisha mkono mzima. Angalia kutu chini ya usukani na kwenye bolti za mbele, ndiko jasho linakodondokea. Bonyeza kirungu chekundu chini: gurudumu lisimame papo hapo, maana hiyo ndiyo breki ya dharura. Mwisho gusa skrini pembe zote nne na uiunge na intaneti ya simu yako.

Wati zinazoonyeshwa na baiskeli ya awali zinategemea urekebishaji wa sensa. Kurekebisha kunahitaji vifaa maalumu vya kupimia, na mashine mbili za aina moja zinaweza kukupa namba mbili tofauti kwa jasho lilelile. Kwa hiyo msishindane wati na shemeji wa mtaa wa pili. Shindana na namba zako mwenyewe, kwenye mashine yako mwenyewe. Kalori ndiyo kabisa, hayo ni makadirio. Usile chapati ya pili kwa sababu skrini imesema 600.

Sasa hatari ambayo tangazo halikuambii. Mashine inayotegemea seva ya kampuni inaishi kwa hisani ya kampuni. Flywheel Sports walikuwa na baiskeli ya nyumbani yenye vipindi mtandaoni. Baada ya kesi ya hataza (haki ya ubunifu) na Peloton, huduma hiyo ilizimwa Machi 2020, na wenye baiskeli wakapewa nafasi ya kubadilishiwa Peloton iliyokarabatiwa. Hao walikuwa na bahati. Julai 2025 Echelon walitoa sasisho lililofanya mashine zao zihitaji kuungana na seva za kampuni hata kwa kazi za kawaida, na programu za nje kama QZ, ambazo watu walikuwa wakizitumia, zikafungiwa mlango. Baiskeli zilikuwa zimeshalipiwa zamani.

Ndiyo maana mimi napendelea baiskeli isiyo na skrini yake ya vipindi, yenye Bluetooth ya wazi, halafu skrini inakuwa simu au kishikwambi chako. Mfano wa huku ni Schwinn IC4: sumaku, mkanda badala ya mnyororo, ngazi 100 za ugumu, pedali zenye kikapu cha kuingizia viatu vya raba upande mmoja na klipu ya viatu vya baiskeli upande wa pili. Inaongea na Zwift, programu ya kuendesha baiskeli kwenye barabara za kompyuta, ambayo ni dola 19.99 kwa mwezi. Siku ukiichoka Zwift, unafuta programu na baiskeli inabaki baiskeli.

Muuzaji yeyote atakwambia “ina Bluetooth.” Pima mwenyewe. Weka programu ya bure inayoitwa nRF Connect kwenye simu. Zungusha pedali ili baiskeli iamke, kisha tafuta vifaa, gusa jina la baiskeli na uunganishe. Angalia orodha ya huduma zake. Ukiona 1826, hiyo ni FTMS, lugha ya pamoja ya mashine za mazoezi, na programu nyingi zitaielewa. Ukiona 1818 ni wati, 1816 ni kasi na mizunguko. Ukiona namba ndefu ya ajabu peke yake, baiskeli inaongea lugha ya kiwandani kwake tu, na hapo bei ishuke au uondoke.

Nyumbani, jamani: msitumiwe Peloton. Kampuni inauza Marekani, Kanada, Uingereza, Ujerumani, Austria na Australia, Afrika Mashariki haimo. Hakuna fundi wao, hakuna dhamana, na skrini ikifa umebaki na kilo 61 za mapambo. Juu ya usafiri kuna ushuru wa forodha, na VAT ya asilimia 18 Tanzania au 16 Kenya. Mpigieni wakala wa forodha kabla ndugu hajanunua, siyo baada ya mzigo kushuka Mombasa.

Bando nalo. Video inayovuta megabiti 5 kwa sekunde inakula kama GB 2.25 kwa saa. Nusu saa mara tatu kwa wiki ni kama GB 14 hadi 15 kwa mwezi, kwa mazoezi tu. Na umeme ukikatika? Baiskeli ya kirungu haijali. Zile ambazo mota ndiyo inayosogeza sumaku, kama Bike+, bila umeme huwezi kubadilisha ugumu.

Nunueni dukani huko baiskeli ya sumaku ya kawaida. Ulizeni: ugumu wake ni wa sumaku au wa pedi ya sufi? Ya sufi ni rahisi, lakini pedi inasugua gurudumu, inatoa vumbi, inanuka ikipata moto, na inahitaji silikoni kidogo mara kwa mara la sivyo inapiga kelele. Sumaku haigusi kitu, haichakai. Msidanganywe na uzito wa gurudumu peke yake. Penye sumaku nzuri, gurudumu la kilo 10 linatosha. Ongezeni sensa ndogo ya mizunguko inayofungwa kwenye mkono wa pedali, ile ya betri ya CR2032, na vipindi vya bure vya YouTube mnavyovipakua usiku. Hiyo ni asilimia kubwa ya kile ambacho huku tunalipia dola 49.99.

Kufunga na kukaa sawa. Pedali ya kushoto inakazwa kinyume na saa. Ukiilazimisha kama ya kulia unaharibu uzi siku ya kwanza. Spana namba 15, grisi kidogo kwenye uzi, anza kwa vidole ndipo ushike spana. Kaza tena baada ya wiki ya kwanza. Siti iwe usawa wa mfupa wa nyonga ukiwa umesimama pembeni. Kaa, weka kisigino kwenye pedali ya chini: mguu unyooke kabisa. Ukirudisha mbele ya unyayo, goti litabaki limejikunja kidogo, na hapo ni penyewe. Goti likiuma mbele, mara nyingi siti iko chini mno. Likiuma nyuma, iko juu mno. Maumivu ya makalio wiki mbili za mwanzo ni kawaida. Ganzi si kawaida, shusha pua ya siti kidogo au pandisha usukani.

Walio pwani, Zanzibar, Tanga, Mombasa, jasho na hewa ya chumvi havina huruma. Futa kila ukimaliza, paka grisi bomba la siti na bolti, na kila mwezi lichomoe, la sivyo litagandia humo ndani.

Na kama ndugu ameshanunua na kontena linafungwa kesho, basi angalau mwambieni hivi: atoe skrini aifunge peke yake kwa povu, atoe pedali zote mbili, ashushe siti na usukani hadi chini, baiskeli isafiri imesimama na si kulalia upande wa mkanda. Asome adapta: ikiandikwa 100-240V, 50/60Hz, huko nyumbani mnabadilisha plagi tu. Ikiandikwa 120V peke yake, msiichomeke ukutani mkaitoa moshi, tafuteni adapta nyingine yenye volti na ampea zilezile za kutoa.