Treni Iliyosimama Ndiyo Inayoninyima Usingizi

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu, kina mama, na vijana wa boda mlioacha pikipiki nje mkaingia kusikiliza, asanteni. Nimepewa dakika 30, na wanaonifahamu wameshaanza kucheka.

Historia ya reli sitaigusa. Watu wa Tororo, hapa mashariki mwa Uganda, hamhitaji kuelezwa reli inatoka wapi na inakwenda wapi. Nimekuja kwa habari ya mafuta, na hasa mafuta yaliyosimama. Kila tukiitwa kwenye mkutano wa usalama mjadala ni mwendo tu: treni ipunguze mwendo mjini, ipige honi, watoto wasivuke ovyo. Sawa, sina ugomvi na hayo. Lakini treni inayokwenda ina dereva, ina taa, ina honi, na wewe mwenyewe ukiisikia unakaa pembeni. Treni ya mafuta iliyoegeshwa usiku haina mtu. Tunaipita tukienda sokoni, watoto wanapenya chini yake, na hakuna anayeuliza imefungwa na nini.

Sasa mniruhusu niwapeleke Kanada. Najua, najua: "Mzee ameanza tena na Kanada yake." Nitaanza nayo mpaka muikariri.

Tarehe 5 Julai 2013, siku ya Ijumaa, usiku kuelekea saa tano, treni yenye mabehewa 72 ya mafuta ghafi iliegeshwa mahali panapoitwa Nantes, katika jimbo la Quebec. Vichwa vya kuivuta vilikuwa 5. Dereva alikuwa mmoja, peke yake, na treni ina urefu wa zaidi ya kilomita moja. Hapo ilipoegeshwa ni mteremko wa asilimia 1.2, yaani kila mita 100 unashuka mita moja na kitu. Ukitembea kwa miguu huusikii. Na chini yake, kilomita 11 hivi, uko mji wa Lac-Mégantic.

Dereva akafunga hendibreki 7, zile breki za kuzungushwa kwa mkono. Akaacha kichwa kimoja kinanguruma ili kiendelee kusukuma upepo kwenye breki, akaenda kulala hotelini. Hapa msikilize vizuri. Kabla ya kuondoka alijaribu kuona kama hendibreki zinashika: akaisukuma treni kidogo, haikusogea, akaridhika. Lakini wakati anajaribu, breki za upepo za vichwa zilikuwa bado zimekaza! Sasa ni zipi zilizoishika ile treni? Wachunguzi wa Kanada walikuja kupiga hesabu baadaye wakasema zilihitajika hendibreki kati ya 17 na 26. Yeye alikuwa na 7, na jaribio lililomdanganya.

Usiku uleule kile kichwa kikashika moto. Zimamoto wakaja, wakauzima, na injini wakaizima pia. Wakaondoka. Nani angewalaumu? Moto umezimwa. Ila upepo wa breki ni kama upepo wa tairi la baiskeli, usiku umelala nao, asubuhi haupo. Injini haisukumi tena, upepo unavuja polepole, breki zinalegea. Ilipokaribia saa saba usiku treni ikaanza kuteremka yenyewe. Ilifika mjini saa saba na robo kwa mwendo wa kilomita zaidi ya 100 kwa saa. Mabehewa 63 yakaacha reli, lita kama milioni 6 zikamwagika na kuwaka. Watu 47 walikufa, wengi wao wamekaa kwenye baa wanasikiliza muziki. Hakuna aliyesikia honi, maana hakukuwa na wa kuipiga.

Kuna mtu pale nyuma anatikisa kichwa. Najua neno lake: hiyo ni Kanada, mafuta yao ni mengi, treni zao ni ndefu, sisi tuna vichwa vichache na mabehewa machache. Haya, tuondoke Kanada, twende hapo kwa jirani. Tarehe 24 Juni 2002, Igandu, karibu na Dodoma, treni ya abiria inapanda mlima. Breki zikashindwa. Ikarudi nyuma na watu wake mpaka ikaigonga treni ya mizigo. Walikufa watu 281. Ile haikuwa na mafuta wala haikuwa ndefu kama ya Kanada. Ulikuwa uzito juu ya mteremko bila kitu cha kuushika, basi. Mteremko hauulizi pasipoti.

Sasa mimi nataka nini? Nataka kwanza isiachwe treni yenye mafuta kwenye njia kuu bila mtu. Kanada wenyewe walipiga marufuku jambo hilo mwezi uleule wa Julai, na wakaamuru treni ya namna hiyo isiendeshwe na mtu mmoja. Walihitaji watu 47 wafe ndipo waone. Sisi tunaweza kuliona bure. Ikibidi kuegesha, iwe reli ya pembeni, mahali tambarare, na kabari chini ya magurudumu. Hendibreki zifungwe kwa hesabu iliyoandikwa: uzito huu, mteremko huu, breki kadhaa. Si kwa makadirio ya mtu aliyechoka saa tano ya usiku. Na kuzijaribu, upepo utolewe kwanza! Hapo ndipo utajua chuma kinashika au hakishiki. Kazi hiyo haihitaji mkopo wa benki wala mhandisi kutoka ng'ambo. Inahitaji mtu wa kuzungusha gurudumu la breki na mwenzake wa kusimama pale akahakikisha.

Na zimamoto. Kwetu wako chini ya polisi, na nawaona maafande wawili wamekaa mbele, asanteni kwa kuja. Maafande, mkiitwa kwenye kichwa cha treni kinachowaka, zimeni moto, lakini msiiache treni ile mpaka mtu wa reli anayejua breki awe amefika na kuzishika kwa mikono yake. Wa Kanada walikutana na mfanyakazi wa reli, lakini kazi yake ilikuwa njia, si vichwa.

Nageuka upande wa kina mama. Juzi nimemkuta mama mmoja anakaanga chapati kwenye jiko la makaa, hatua chache kutoka kwenye behewa la mafuta. Nikamwambia, mama, hapa si pahali pa moto. Akanijibu bila kugeuka, "Mzee, hiyo ni tupu." Na chapati mbili akanifungia, maana alidhani nimekuja kununua. (Kicheko.) Nilizila, zilikuwa nzuri.

Lakini hiyo "tupu" ndiyo hatari. Tangi la petroli likishateremshwa mafuta, ndani linabaki na mvuke, na kinachowaka ni mvuke. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse jua letu la saa nane. Na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukapotea. Unatambaa chini, unafuata mtaro, unaingia shimoni, unatafuta jiko. Jiko liko wapi? Chini, usawa wa magoti. Dizeli ina subira kidogo kuliko petroli, ila wewe utajuaje ni ipi?

Utajua kwa namba. Ziko namba za Umoja wa Mataifa zinazotumika dunia nzima, na mmeshaziona kwenye malori ya mafuta barabarani mkadhani ni namba za gari. 1203 ni petroli. 1202 ni dizeli. 1223 ni mafuta ya taa. 1863 ni mafuta ya ndege. Nataka ziandikwe kubwa kwenye kila behewa, pande zote, na kila mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, anayepitiwa na reli azijue kama anavyojua majina ya watu wake. Akipiga simu aseme "1203 inavuja kwenye kivuko," si "njooni haraka, kuna kitu kinanuka."

Kuna wanaosema, mzee, malori ndiyo yanatumaliza, treni waiache. Kweli kabisa, na mimi ni mtu wa treni, siombi mafuta yarudi barabarani. Namungoona, Kampala, tarehe 29 Juni 2013, lori la mafuta liligongana na gari kwenye Northern Bypass, watu wakakimbilia na jerikeni, wakaungua watu wapatao 30 wakafa. Wiki moja tu kabla ya Lac-Mégantic. Ila behewa moja ni kama lori zima, na treni ina mabehewa mangapi? Tena kila kijana humu ajue: mafuta yaliyomwagika si sadaka. Hata pikipiki usiwashe uondoke nayo, isukume.

Na wale wa "wafukuzeni tu wakaao kando ya reli"? Mwaka 2014 vibanda vilibomolewa kando ya reli Kampala. Nendeni leo mkaangalie kama havijarudi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na habari ya matangi, kwamba Marekani na Kanada mwaka 2015 waliweka kiwango cha chuma kinene zaidi, na sisi tuulize unene wa haya yetu. Nilikuwa na Viareggio, Italia, 2009, ambako ekseli ilikatika, gesi ikawaka, wakafa watu 32, na kwa hiyo ekseli zipimwe kwa mashine, si kwa kugongwa nyundo na kusikilizwa. Nilikuwa na habari ya bima. Hayo yote mtanialika tena.

Maswali. Ukiona uvujaji ni 999 au 112, kabla hamjaniuliza. Na aliyekuja na swali la fidia ya ardhi ya reli mpya, baba, hilo si langu, mshike mheshimiwa pale mlangoni kabla hajatoka.