Kitambaa cha njano kinamlinda nani?

Ahsanteni. Nimeombwa nizungumzie sheria za usalama katika mpira wa Kimarekani, ule wa kulipwa, na najua kwa nini mada hii imewatoa majumbani Jumamosi jioni. Wengi wenu hapa Texas mna vijana wanaoucheza shuleni, na Jumapili mnakaa nao mbele ya televisheni. Refa anatupa kitambaa cha njano kuonyesha kuna kosa, baba mtu anaruka kutoka kwenye kochi: "Wameuharibu mchezo!" Msicheke, nami nimeruka sana. Sikuja kuwatetea marefa. Nataka tu tukiona kitambaa kile tujiulize kinamlinda nani, na gharama yake inamwangukia nani.

Hilo la kuharibu mchezo ni la zamani kuliko televisheni. Mwaka 1905 huu ulikuwa mchezo wa vyuo vikuu. Wachezaji walishikana wakajibana, wakamsukuma mwenye mpira kama gogo la kuvunjia mlango, na mwaka ule magazeti yalihesabu vijana zaidi ya 15 waliokufa. Rais Theodore Roosevelt, mpenzi mkubwa wa mchezo na ambaye mwanawe alikuwa akiuchezea Harvard, aliwaita Ikulu watu wa Harvard, Yale na Princeton. Mwaka uliofuata ikaruhusiwa kurusha mpira mbele, ili watu watawanyike uwanjani badala ya kurundikana. Yaani hiyo pasi ndefu ya Patrick Mahomes, mrushaji wa Kansas City, inayowainua vitini ilizaliwa kama hatua ya usalama. Na wakati huo pia walikuwapo waliosema mchezo umekuwa laini.

Sasa twende kwenye ligi yenyewe, NFL. Agosti 1978, mechi ya maandalizi kule Oakland, Darryl Stingley wa New England alijinyoosha kudaka pasi isiyodakika. Jack Tatum akamgonga. Shingo ikavunjika, na Stingley hakutembea tena mpaka alipofariki mwaka 2007. Hakuna kitambaa kilichotupwa siku ile, kwa sababu hakuna sheria iliyovunjwa. Ulinzi wa mpokeaji asiyeweza kujikinga ulikuja polepole, kwa vipande, miaka mingi baadaye.

Linganisheni na makwotabeki, wale wanaopewa mpira kwanza na kurusha pasi. Januari 2006 goti la Carson Palmer liliumia. Kabla ya msimu uliofuata sheria ya kumgonga kwotabeki miguuni ikakazwa. Septemba 2008, mechi ya kwanza ya msimu, likafuata goti la Tom Brady. Mwaka 2009 ikakazwa tena. Oktoba 2017 Aaron Rodgers alivunjika mtulinga. Mwaka 2018 waamuzi wakaagizwa kumwadhibu kila anayemwangukia kwotabeki kwa uzito wake wote. Sisemi ni vibaya. Kwotabeki anasimama akiangalia mbali, mwili wazi, na ni haki alindwe. Ila oneni ni goti la nani linalobadilisha sheria haraka.

Na hiyo ya 2018 ilikuwa na bei yake. Septemba mwaka huohuo, William Hayes wa Miami, mzee wa kazi, alimkamata kwotabeki Derek Carr. Akiwa hewani alijaribu kujipindua ili asimlalie. Mguu wake ukanasa kwenye nyasi, kano ya goti ikakatika, msimu wake ukaishia hapo. Kocha wake alieleza hivyo hivyo: alikuwa anajaribu kutii sheria. Mtu wa kilo zaidi ya 120 anaambiwa abadilishe mwelekeo ndani ya nusu sekunde. Ndiyo maana Machi 2024, wenye timu walipopiga marufuku ule ukabaji wa kumning'inia mtu kiunoni na kuiangukia miguu yake, chama cha wachezaji kilipinga. Wachezaji hao hao ambao miguu yao ndiyo inavunjika! Hawakuwa wajinga. Waliuliza: mkabaji afanye nini, na refa aione vipi kwa kasi ile? Msimu ulipoanza, vitambaa kwa kosa hilo vilikuwa adimu mno. Kilichofuata ni barua za faini.

Kuna badiliko moja ambalo mimi naliunga mkono kwa mikono miwili, nalo ni la mkwaju wa kuanzisha mchezo. Hapa niingize habari ya nyumbani kidogo. Mkenya wa kwanza kucheza NFL, Daniel Adongo, alitoka kwenye raga akaingia Indianapolis Colts mwaka 2013, na kazi waliyompa ilikuwa hasa kwenye vikosi hivi vya mikwaju. Kwa mfumo wa zamani, watu kumi wanakimbia kasi zao zote, yadi arobaini na ushee, kwenda kugongana na kumi wengine. Ni magari mawili barabara moja. Tangu 2024 mambo yamegeuka: pande mbili zinapangwa karibu karibu, yadi tano tu katikati, na hakuna wa kunyanyua mguu mpaka mpira udakwe au uguse chini. Mwanzoni nilicheka, nikaona kama gwaride la shule. Lakini mwaka huo wa 2024 mpira ulirudishwa mara nyingi zaidi kuliko mwaka uliotangulia, na ligi yenyewe inasema mitikisiko ya ubongo kwenye mkwaju huo ilishuka kwa asilimia 43 msimu ule. Hawakumwambia mtu ajizuie akiwa hewani. Walimwondolea ile mbio.

Basi mpaka hapa nimezungumza kama watu wote wanavyozungumza, yaani kuhusu vishindo vikubwa, vile vinavyorudiwa kwenye skrini mara nne. Sasa nimlete mtu ambaye hamjawahi kumwona akirudiwa.

Mike Webster alikuwa senta wa Pittsburgh Steelers, pete nne za Super Bowl, fainali ya ligi. Misimu 17, kuanzia 1974 hadi 1990, miwili ya mwisho akiwa Kansas City, kazi yake ilikuwa kuinama, kumpa kwotabeki mpira, na papo hapo kupigana kichwa na mtu aliye hatua moja mbele yake. Hakuna anayelitazama tukio hilo. Hakuna sheria inayolikataza, kwa sababu ndilo mchezo wenyewe. Alistaafu akapotea, kuna siku alilala kwenye gari lake. Alifariki mwaka 2002, umri miaka 50. Daktari wa maiti pale Pittsburgh, Bennet Omalu, mzaliwa wa Nigeria, aliufungua ubongo wake na kwa macho ukaonekana mzima. Hakuridhika. Aliukata vipande, akautazama kwa hadubini, akakuta ugonjwa uliojulikana zaidi kwa mabondia, wa ubongo kuharibika polepole kwa kugongwa mara kwa mara, unaoitwa CTE. Alipoyachapisha mwaka 2005, madaktari waliokuwa wakiishauri ligi walidai makala iondolewe. Mtu wa juu wa ligi alikuja kukiri uhusiano wa mchezo na ugonjwa huo mbele ya wabunge mwaka 2016.

Mwaka 2017 watafiti wa Boston walitangaza kwamba katika bongo 111 za waliowahi kucheza NFL, 110 zilikuwa na CTE. Tuwe waangalifu: familia hutoa ubongo wa mtu waliyekwisha kumwona akibadilika, kwa hiyo msiseme karibu kila mchezaji anao. Jambo lililonikaa zaidi ni jingine walilolipata baadaye, kwamba uwezekano wa ugonjwa hupanda kwa kila mwaka mtu aliocheza. Idadi ya mara alizoanguka akazirai haielezi mengi. Kinacholimbikizwa ni vigongo vidogo, visivyomwangusha mtu wala kumfanya refa ageuze shingo. Haba na haba hujaza kibaba. Wazee waliusema msemo huo kuhusu akiba, lakini fuvu nalo ni kibaba.

Ukilielewa hilo, unagundua kwamba sheria ya usalama yenye uzito kuliko zote huenda haimo hata kwenye kitabu cha sheria za mchezo. Imo kwenye mkataba wa kazi wa 2011. Humo wachezaji walipata kwamba mazoezi ya kuvaa vifaa vyote na kugongana yasizidi 14 katika msimu mzima. Zamani kocha aliwagonganisha atakavyo. Hakuna aliyeruka kwenye kochi kulalamikia hilo, maana halionekani Jumapili.

Halafu mkono huohuo ukachukua. Mwaka 2020 wachezaji walipigia kura mkataba mpya ulioruhusu mechi ya 17, na ukapita kwa kura 1,019 dhidi ya 959. Msimu wa 2021 ikaanza. Wiki moja wenye timu wanakaa hotelini kujadili namna ya kukaba, 24 kati ya 32 wakikubali sheria inapita. Wiki nyingine wanaongeza mechi nzima, na kila mechi ni mara sitini na kitu za kugonganisha vichwa kwa kila mtu wa mstari, wale wanaojipanga mbele uso kwa uso kama Webster. Sijui sheria gani ya ukabaji inaweza kufidia hiyo hesabu.

Mama mmoja ameniuliza pale mlangoni, kabla sijaketi, kama amruhusu mwanawe. Mama, kwanza usimwulize kocha kuhusu helmeti. Mwulize wanagongana siku ngapi kwa wiki, na dakika ngapi kila siku. Akianza kuzungukazunguka, jibu unalo.

Na kesho, mechi zikianza saa sita mchana, fanyeni jambo moja. Mpira ukitolewa, msiufuate. Kaeni na wale watu wa mstari wenye namba za 50 hadi 79, mhesabu mara wanazogongana, robo ya kwanza peke yake. Mimi huwa nashindwa kufika mwisho; katikati ya hesabu mtu anarusha pasi ndefu, nami naruka.